Kiti cha Chiriku

Karakana ya Fundi Makochi haikuwa na redio. Ya nini? Mke wake alikuwepo. Mtaa mzima ulimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Yeye alishona vitambaa kwa cherehani, mumewe akigonga misumari na kujaza sponji, na maneno yalimtoka tangu mlango unafunguliwa hadi unafungwa.

"Fundi, kochi hilo umelipindisha."

"Halijapinda."

"Basi macho yangu ndiyo yamepinda. Mwenye kochi akilalamika, mwambie akae upande."

Waliishi hivyo mpaka nyonga ya Chiriku ilipoanza kumtesa. Kwanza alichechemea. Baadaye hata kuvaa kiatu kukawa shughuli. Daktari alimpiga picha akasema kiungo kimelika, mfupa unasagana na mfupa, na dawa za maumivu hazitoshi tena. Ilibidi kiungo kibovu kitolewe, awekewe cha bandia.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kesho yake tu Chiriku alisimama kwa magongo, akawatania wauguzi mpaka wodi nzima ikacheka. Siku ya kutoka aliambiwa atembee kidogo kidogo kila siku, ameze vidonge vya kuzuia damu isigande, na akiona mguu umevimba arudi haraka.

Fundi aliyasikia yote. Lakini kila Chiriku alipopiga hatua alikunja uso, na Fundi moyo ulimuuma.

"Kutembea gani huku na kidonda bado kibichi?" alisema. Akamtengenezea kochi la peke yake, pana, la chini, lenye sponji laini kuliko zote alizokuwa nazo. "Kaa hapa, malkia wangu. Usiguse kitu."

Chiriku akazama humo. Chai ilimfuata hapo, chakula kilimfuata hapo. Vidonge vilipomchafua tumbo, Fundi alimwambia, "Viache kidogo, tumbo litulie." Hawakumuuliza daktari.

Jioni moja Chiriku alimwita.

"Fundi, shavu la mguu linauma. Ona lilivyovimba."

Fundi akaligusa. Lilikuwa na joto. "Ni kukaa sana tu," alisema.

"Basi nichue. Hiyo mikono ya kukaza makochi itashindwa na mguu wangu?"

Fundi alileta mafuta akamchua, taratibu, kwa mapenzi yote, huku Chiriku akimsimulia habari za mteja mmoja mbishi. Asubuhi aliinuka kwenda msalani. Akashika kifua.

"Fundi, pumzi..."

Hakumaliza. Jirani alitoa gari, wakakimbia naye hospitali, lakini alifika amekwisha kufariki.

Jamani, nyumba ile ilivyonyamaza! Fundi aliifunika cherehani kwa shuka. Kochi la mkewe alilisukuma pembeni. Hakutaka kulikalia wala kulitoa. Alifanya kazi kwa sababu mikono ilizoea, basi.

Miezi ilipita. Dada yake Chiriku, mpishi wa shule, naye nyonga ilimharibikia. Kusimama jikoni kulimshinda. Daktari akamshauri upasuaji uleule. Akaja karakana, anajikokota.

"Shemeji, nifanyeje? Nikiendelea hivi kazi inanitoka. Nikipasuliwa, naogopa."

"Usiende," Fundi alisema. "Kiungo kile kilimuua mdogo wako."

Jirani mmoja, muuguzi wa wodi ya mifupa, alikuwa amekuja kuchukua kiti chake. Akageuka.

"Fundi, ni hospitali waliokwambia hivyo?"

"Walisema mapafu. Sikuelewa. Sikutaka kuelewa."

"Hebu nieleze ilivyokuwa."

Fundi akaeleza. Habari ya kuchua aliisema mwisho. Muuguzi akavuta stuli akaketi karibu naye.

"Baada ya upasuaji wa nyonga, damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu, zaidi mtu akikaa bila kutembea. Donge likichomoka linasafiri mpaka kwenye mapafu na kuziba. Ndiyo maana wanaambiwa watembee. Na vile vidonge, vikimkera mtu anarudi kwa daktari, haviachi mwenyewe."

"Na kuchua?"

"Mguu uliovimba ghafla hauchuliwi, Fundi. Unapelekwa hospitali saa ileile."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuua."

"Sijui. Donge linaweza kuchomoka lenyewe, hata mtu akiwa amelala. Hakuna atakayekwambia kwa hakika. Mimi najua ulitaka apone."

Fundi alifunika uso kwa mikono yake akalia kwa sauti. Shemeji yake naye akalia. Muuguzi hakuwaharakisha.

Walipotulia, alimgeukia mpishi. "Wengi wanapona, dada, wanatembea bila maumivu. Hatari zipo, lakini dalili zake zinajulikana. Kidonda kikitoa usaha, au ukipata homa, njoo. Kiungo nacho kinaweza kuteguka, kwa hiyo usikunje nne, na usikae chini sana. Magoti yasipande juu kuliko nyonga."

Fundi akalitazama lile kochi la pembeni, la chini, laini.

Shemeji yake akakata shauri. Wiki aliyolazwa hospitali, Fundi alilivuta kochi katikati ya karakana akalivunja, analia anavunja. Kwa mbao zilezile alitengeneza kiti kirefu, kigumu, chenye mikono ya kushikilia mtu anapoinuka.

Mpishi alikuja kuuguziwa kwa Fundi, na binti yake Fundi, aliyekuwa akiishi mbali, akarudi nyumbani kumhudumia. Kila mara Fundi alimsimamia mlangoni.

"Haya, shemeji, inuka tutembee."

"Mbona unaniswaga kama ng'ombe!"

"Swagika tu. Vidonge umemeza?"

"Nimemeza, askari."

Siku moja Fundi alimsikia akimwambia binti, "Mwanangu, shavu la mguu limevimba, linaniuma. Hebu nichue kidogo." Binti alikwisha kunyanyua chupa ya mafuta. Fundi alitupa nyundo akakimbia.

"Usiuguse!" Akampokonya binti chupa. "Mguu huo hauguswi. Twende hospitali."

"Ngoja basi nimalize chai."

"Chai itakusubiri. Twende!"

Walimpima wakalikuta donge la damu. Lilikuwa bado mguuni. Walimlaza, wakampa dawa, na daktari akamwambia Fundi kwamba wamewahi. Fundi alitoka nje, akaegemea ukuta wa hospitali, akamlilia mkewe kama siku ya mazishi.

Mpishi alipona akarudi jikoni kwake. Alitembea bila magongo. Siku moja ya mapumziko alikuja karakana, akakivuta kile kiti kirefu mbele ya cherehani, akaondoa shuka. Akaanza kushona kitambaa kilichokuwa kimelala hapo tangu zamani. Yeye hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Shemeji," Fundi alimwambia huku akigongelea misumari kochi la mteja, "sema basi kitu."

"Niseme nini?"

"Niambie kochi hili nimelipindisha."

Mpishi aliliangalia vizuri. "Lakini limepinda kweli," akasema.

Fundi alicheka huku machozi yakimtiririka. Kisha alichukua koleo, akang'oa misumari, akaanza upya.