Dawa Iliyotangulia Kwenye Simu

Watu wa Musoma, na ninyi wa Bunda na Butiama mnaokuja mjini kwetu kila gulio, hebu tuketi kidogo. Jambo ninalotaka kulisimulia lilitokea katika nyumba ya amani, ya watu wanaosali na kufanya kazi, wala hapakuwa na mlevi wala mwizi ndani yake. Ndiyo maana nalisimulia. Mabaya yanayoletwa na chupa tunayajua sote na tumeyakemea mpaka sauti zimekauka. Haya yaliletwa na simu, simu ya kawaida ya kupapasa, kama hiyo uliyonayo mfukoni.

Agness Wanzagi alikuwa mchuuzi wa samaki katika mwalo wa Mwigobero. Asubuhi, ziwa likiwa limetulia na wanawake wakipashana habari, yeye husimama karibu na maji, khanga ameikaza kiunoni, akingoja mtumbwi wa kwanza. Wanaotangulia kufika ndio wenye samaki wabichi kabisa. Wanaochelewa, samaki wao wameshapigwa jua. Kila mchuuzi wa pale anajua hivyo, na ndiyo sababu wanasukumana. Ila Agness alikuwa na tabia moja zaidi. Hata kwenye huo mtumbwi wa kwanza hakutoa hela kabla hajafunua mashavu ya sato kwa kidole. Mashavu yakiwa mekundu, anachukua. Yakiwa yameanza kupauka, anamrudisha samaki kwenye karai na kwenda zake bila ugomvi.

"Dada Agness, unamkagua samaki kama unataka kumwoa," wavuvi walimtania.

"Nawajuaga nyie," aliwajibu. "Hata huyu wa kwanza mnaweza kumchanganya na wa jana."

Mumewe, Magesa, alikuwa karani wa shule ya sekondari, na ugonjwa wake ulikuwa habari. Siasa hakuzitaka, mpira alikuwa ameshakata tamaa nao. Alichopenda ni habari za makampuni makubwa ya mtandaoni, yale yanayotutafutia mambo tukiandika neno kwenye simu: nani amemzidi nani, nani ameshtakiwa, nani ameleta mtambo mpya. Jioni, ugali ukiwa mezani, alimhutubia mkewe kana kwamba amekaa na wanahisa.

"Siku hizi ukisachi kitu, mashine yenyewe inakuandikia jibu pale juu," alisema jioni moja. "Na watu wengi hawashukagi chini. Wanabonyeza cha juu, basi. Ndiyo maana biashara zinapagombania hapo juu. Wanalipia, mama! Hela ya yale makampuni inatoka hapo hapo."

"Chukua mboga, inapoa," Agness alisema.

Magesa akachukua mboga. Maneno yake yakabaki hewani mpaka yakayeyuka, maana mtu anayeongea kila jioni ni vigumu kujua ni jioni ipi anasema la maana.

Mwaka huo wanawake wa mwalo walikuwa wameingia ununuzi wa mtandaoni kwa pupa. Huyu kaletewa mapazia, yule kaletewa sufuria, mwingine viatu vya kanisani vilivyokuja vyote vya mguu wa kushoto, naye akavificha asichekwe. Agness alinunua jiko la gesi, likaja zima. Akanunua mashuka, yakaja mazuri kuliko picha. Kila mara alikuwa akiandika anachotaka na kuchukua kilichotokea juu kabisa, kwa sababu kichwani mwake jambo lilikuwa limeshajipanga: aliyetangulia ndiye mwenye mali safi, kama pale mwaloni. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Maisha yake yote ya kazi ndiyo yaliyomfundisha, na tangu hapo hakulifikiria tena.

Siku moja akapigiwa simu na wifi yake, Boke, mke wa kaka yake, aliyekuwa akiishi Butiama na Nyangi, mama mzazi wa Agness. Mama Nyangi alikuwa mjane mwenye nguvu zake, mwenye ng'ombe wachache aliowajua kwa mabaka yao. Jioni wakirudi, alisimama mlangoni akawaita kwa majina, mmoja mmoja, na ole wake mchungaji aliyerudi na pengo.

"Wifi, mama haonagi vizuri," Boke alisema. "Leo amesalimia gauni langu kwenye kamba. Amelisalimia kabisa, na kuuliza habari za huko nilikotoka."

Agness alicheka.

"Tena sikiliza," Boke akaendelea. "Kanisani wametangaza, madaktari wa macho wanakuja hapa hospitali wiki ijayo. Wanapima watu wote. Nimpeleke?"

"Hao si ndio wale wanaokata macho kwa kisu?"

"Sijui, wifi. Wanapima kwanza, nadhani."

"Ngoja nisachi," Agness alisema. "Usimpeleke mpaka nikwambie."

Sasa tazameni, jamaa. Mwanamke huyu hakuwa mjinga wala mchoyo. Alimpenda mama yake kupita kiasi, na kisu alikiogopa. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, samaki wakimngoja, akaandika: dawa ya macho kutoona vizuri. Juu kabisa ikatokea dawa ya matone, na picha ya bibi mmoja anayesoma Biblia bila miwani. Inaondoa ukungu wa macho, iliandikwa, bila upasuaji, kwa watu wa umri wote. Chini yake palikuwa na maandishi ya hospitali, marefu, yakieleza kwamba macho yanaweza kufifia kwa sababu nyingi na kwamba mtu apimwe mapema. Agness aliyaona. Hayakuwa ya kwanza, na hayakuwa na picha ya bibi yeyote.

Akaagiza. Muuzaji alikuwa na wakala Bunda tu, basi kifurushi kilipofika Agness akapanda gari mpaka Bunda, akakipokea kwa mikono miwili, akageuza njia hadi Makutano na kutoka hapo bodaboda hadi Butiama. Alimkuta mama yake amekaa kivulini kando ya nyumba, anachambua mtama kwa vidole huku uso ameuinua, hautazami ungo.

"Umekuja na samaki, nasikia harufu," mama alisema.

"Nimekuja na samaki na dawa, mama."

Wakamkaanga samaki, wakala, wakamdondoshea mama matone. Yalikuwa baridi. Mama Nyangi akatabasamu akasema anasikia jicho limepoa, na kupoa si kupona, lakini siku ile watu wote pale uani waliona ni jambo moja.

"Na hao madaktari?" mama aliuliza. "Boke anasema wameshafika. Wenzangu wa kwaya wamekwenda."

"Mama, hao waachie wenzako. Hii ndiyo ya kwanza kabisa, nimeangalia mwenyewe."

"Kama umeangalia wewe, sawa," mama alisema. "Wewe huwaga huchukui kitu kibovu."

Madaktari wakamaliza kazi yao, wakafunga mizigo, wakaenda. Boke alilipita gari lao barabarani akiwa na kuni kichwani. Mama akaendelea na matone. Jioni aliendelea kusimama mlangoni na kuita ng'ombe, ila sasa aliwaita wote, hata yule aliyekuwa ameuzwa.

Huku Musoma biashara ya Agness ilikuwa imepanuka. Alikuwa amefungua ukurasa wa kuuza dagaa mtandaoni, na baada ya mvua za masika akapigiwa simu na msichana wa kampuni moja ya matangazo.

"Mama, unataka mtu akiandika dagaa wa Musoma, wewe uwe wa kwanza?"

"Nani hataki?"

"Basi unalipia kidogo, tunakupandisha."

"Hamtaki kwanza kuwaona dagaa wenyewe?"

Msichana alicheka kwa adabu. "Hapana mama. Sisi tunakupandisha tu."

Agness akalipia, akapandishwa. Wiki ile dagaa wake walikuwa wabaya. Mvua ilikuwa imewanyeshea mchangani kabla hawajakauka, wakawa weusi na uchungu kwa mbali, na yeye mwenyewe alikuwa amepanga kuwauza kwa wafuga kuku. Lakini simu zikaanza kuingia. Mwanza. Shinyanga. Mama mmoja wa Dodoma, mwenye sauti ya upole, akataka gunia zima la mgahawa wake.

"Wengine niliwaona huko chini," mama yule alisema, "lakini nikajisemea, huyu aliye wa kwanza ndiye bora. Si ndivyo, dada?"

Agness alikuwa amesimama mbele ya wale dagaa weusi, simu sikioni. Kumbe hakuna mtu aliyefunua mashavu. Kumbe aliye juu yuko juu kwa sababu amelipa, kama alivyolipa yeye, na waliompandisha hawakutaka hata kuona anauza nini. Akakata simu bila kuaga, akarudi kuitafuta ile dawa. Ilikuwa pale pale, na bibi yake na Biblia yake. Juu ya jina lake, kwa herufi ndogo za kijivu, paliandikwa: Limedhaminiwa. Akaandika dagaa wa Musoma. Juu ya jina lake mwenyewe, neno lile lile.

"Magesa!" aliita alipofika nyumbani. "Wewe ulijua kwamba wanalipia kuwa juu?"

"Si nilikwambia? Nilikueleza vizuri kabisa."

"Na mama alipoanza kutumia dawa, mbona hukuniuliza nimeipata wapi?"

Magesa alizijua habari za yale makampuni yote, lakini hakuwahi kuuliza simu ya mkewe imempeleka wapi.

Kesho yake walimleta mama hospitali mjini. Mtaalamu wa macho, mwanamke wa makamo aitwaye Euphrasia, alimulika jicho moja, akamulika la pili, akarudia la kwanza. Kisha akavuta kiti akakaa karibu na Mama Nyangi, magoti kwa magoti.

"Bibi, una presha ya macho," alisema. "Inakula mshipa wa jicho polepole, haiumi. Jicho la kulia limekwenda. La kushoto limebaki sehemu, na hiyo tutailinda kwa dawa za kila siku."

"Hili la kulia mtalikata kwa kisu lipone?" mama aliuliza.

"Hapana, bibi. Kilichokwisha kwenye ugonjwa huu hakirudi, kwa kisu wala kwa dawa."

Agness akatoa ile chupa kwenye mkoba. Euphrasia akaisoma pande zote.

"Haya ni maji ya kulainisha jicho," alisema. "Hayajaliua jicho. Yamemchelewesha bibi tu."

"Angekuja wakati madaktari wako Butiama?"

Euphrasia akamrudishia chupa. "Angekuwa na zaidi ya hiki alichonacho leo," alisema.

Agness alilia pale pale mbele ya foleni, mdomo wazi, bila haya. Mama yake ndiye aliyemshika mkono wakatoka nje, kipofu nusu akimwongoza mwenye macho mawili.

Alirudi akampigia yule mama wa Dodoma, akamwambia dagaa wamenyeshewa, asitume hela. Akaliondoa tangazo. Wenzake mwaloni walisema amechanganyikiwa na huzuni, na labda ni kweli, lakini hakulirudisha.

Siku hizi hupeleka samaki Butiama kila anapopata nafasi. Mara ya mwisho alimkuta mama amekaa mlangoni, shingo ameipinda upande, akiligeuzia jicho la kushoto mahali penye mwanga. Mama hawaiti tena ng'ombe kwa majina. Boke ndiye anayewahesabu. Mama alimpokea samaki, akampapasa toka mkiani mpaka kichwani, akaingiza kidole chini ya shavu na kulifunua, kama alivyomwona mwanawe akifanya miaka yote.

"Nisomee rangi," alisema.

"Nyekundu, mama."

Mama Nyangi akakaa na samaki mapajani, kidole bado ndani ya shavu.

"Umeangalia mwenyewe," aliuliza, "au umeambiwa?"

Agness akapiga magoti, akasogeza uso karibu na samaki, akaangalia.

La kujifunza

Jamaa zangu, sisemi mtupe simu ziwani. Jiko la Agness linawaka mpaka leo na mashuka yake ni mazuri. Ninachosema ni hiki: simu haijui kilicho bora, inajua kilicholetwa mbele, na mara nyingi kimeletwa mbele kwa malipo. Soma herufi ndogo zilizo juu ya jina. Shuka chini uone wengine wanasema nini. Ukikosea pazia, umepoteza pazia, utacheka na jirani. Lakini jicho, moyo, mimba, homa ya mtoto, hivyo havinunuliwi kwa picha ya bibi anayetabasamu. Vipelekwe kwa mtu atakayekaa mbele ya mgonjwa na kumwangalia. Na wewe unayezijua habari za mitandao yote, uliza leo mkeo, mumeo au mzazi wako ananunua nini kwenye simu yake, kabla hujamweleza habari nyingine.