Ndoo ya Walburga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Walburga alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akabeba ndoo ya taka. Shimo la taka la mtaa wao, pale Mbinga mjini, lilikuwa juu kilimani. Yeye alikata kona, akamwaga taka kijitoni na kurudi akiimba.

Jumamosi moja, baada ya kumwaga taka, alikuwa akichambua maharage na mama yake huku wakisikiliza redio. Miaka ile redio za watu binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza, na mtangazaji Hilda alipendwa sana.

"Watoto wanne wa bondeni wanaharisha," Hilda alisema. "Wanakunywa maji ya kijito tunachokichafua sisi wa juu. Chemsheni maji. Na leo mchana nakuja hapo kijitoni tuzungumze."

Mchana watu walijaa. Hilda alinyoosha kinasa sauti. "Nani anamwaga taka hapa?"

"Kunigunda, yule mama ntilie!" mmoja alidakia. "Maganda haya ya ndizi ni ya nani kama si yake?"

"Tusile tena kwake!" mwingine akasema.

Mama Kunigunda alilengwalengwa na machozi. "Jamani, taka zangu nazipandisha kilimani kila siku."

Walburga aliyatazama maganda. Maganda yale aliyamwaga yeye asubuhi ileile. Akapenya katikati ya watu.

"Shikamoo, dada Hilda. Si yeye. Ni mimi."

Hilda aliinama. "Nizime kinasa sauti?"

"Hapana. Yeye wamemsema mbele ya wote. Na mimi wanisikie wote."

Mzee Pankras akakohoa. "Basi hata mimi niseme. Maganda yale ya kahawa ni yangu." Mwanamke mmoja naye akainua mkono, kisha mwingine.

Jioni ile walikisafisha kijito kwa reki na majembe. Wiki iliyofuata walichimba shimo jipya karibu na nyumba zao. Hilda akatangaza habari hiyo, na mitaa mingine ikaiga. Watoto wa bondeni walipona.

Walburga alikwenda kumwomba radhi Mama Kunigunda. Mama huyo alimkalisha, akammiminia chai.

"Redio ilitueleza vizuri madhara ya taka," alisema. "Lakini kila mmoja wetu alidhani anaambiwa jirani yake. Wewe ndiye uliyekubali kwamba unaambiwa wewe. Mafunzo huanza kufaa hapo, mwanangu. Haya, kunywa chai, isipoe."