Marehemu Aliyepimwa Presha

Jumatatu, saa moja na dakika ishirini asubuhi, marehemu mmoja aligundulika kuwa na presha nzuri kuliko watu wengi walio hai.

Aliyemgundua alikuwa mtunza mafaili wa kliniki, msichana mtaratibu ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Dada Faili. Asubuhi hiyo alikuwa na bunda la vikaratasi vilivyochanwa kwenye fomu za utafiti, na kila kikaratasi kilitakiwa kiingie kwenye faili la mwenyewe. Utafiti ulikuwa na mwezi wa nne sasa. Wakusanyaji walipita nyumba kwa nyumba na mashine ndogo za betri, wakapima presha mara tatu kwa kila mtu, wakauliza maswali ishirini na kujaza fomu. Shabaha ilikuwa kujua nani ana presha bila kujijua, nani anakuja kliniki, nani haji, na kwa nini.

Kikaratasi alichokishika kilisema: nyumba namba thelathini na moja, ng'ambo ya reli. Bibi, miaka sabini na minne. Amepimwa Jumanne, saa nne asubuhi. 118 kwa 76.

Dada Faili hakwenda kwenye rafu ya juu. Aliinama hadi rafu ya chini kabisa, ya wale ambao hawatarudi tena kupanga foleni, akavuta faili la bibi huyo. Muhuri wa MAREHEMU ulikuwa pale pale, aliupiga kwa mkono wake miezi miwili iliyopita.

Akafunga dirisha la mapokezi, akaenda moja kwa moja kwa Daktari aliyeongoza utafiti.

Daktari alisoma kikaratasi, akasoma faili, akavua miwani. "Fomu za ng'ambo ya reli ziko sitini na nne," alisema. "Zote zina namba ya mkusanyaji mmoja. Namba nne."

Namba nne alikuwa mdogo wake Dada Faili.

"Ni ndugu yako, sivyo?"

"Tumbo moja, Daktari. Tunamwita Kadogo."

"Basi pole. Mtu amekaa kivulini nyumbani, amejaza fomu kichwani mwake, hata waliokufa kawapima. Saa nane mchana nazungumza na wakubwa. Kabla ya hapo barua yake ya kufukuzwa itakuwa tayari, na aliyefukuzwa kwa kughushi hatapewa tena kazi ya namna hii popote."

"Naomba nafasi hadi saa nane."

"Ufanye nini? Upeleleze?"

"Nitafute. Siku zote mimi natafuta karatasi."

Daktari akamsukumia bunda zima la fomu. "Zisitoke nje ya jengo hili."

Saa mbili na nusu Kadogo aliitwa chumba cha mafaili. Alipoona kile kikaratasi hakulia, alikasirika.

"Dada, yule bibi alikufa. Niliambiwa na mjukuu wake mlangoni. Nikaandika amefariki, nikampima mjukuu."

"Hapa hujaandika hivyo."

"Hii siyo fomu yangu." Alivuta fomu nyingine, na nyingine. "Wala hii. Tazama swali la kumi na tisa. Kwa nini huji kliniki? Kila mtu kajaziwa 'sina tatizo lolote'. Watu wa ng'ambo ya reli, Dada, walinishika hadi jua linazama kwa swali hilo. Niliandika mpaka vidole vikafa ganzi. Na wenye presha walikuwa wengi, hapa simwoni hata mmoja."

"Walisema nini?"

Kadogo akaangalia sakafu. "Tuliapa kutotoa siri za wahojiwa."

"Hata kwa kuokoa kazi yako?"

"Hata."

Dada Faili aliguna. Moyoni alijisikia fahari na hasira kwa mpigo mmoja. "Haya. Fomu zako ulimpa nani?"

"Dereva. Alhamisi, saa kumi jioni. Zikiwa kwenye sanduku."

Dereva, ambaye kazini alijulikana kama Breki kwa sababu gari lake lilikuwa na kila kitu isipokuwa hizo, alikutwa nyuma ya jengo akifuta kioo ambacho tayari kilikuwa kisafi.

"Sanduku lilifika hapa saa ngapi, kaka?"

"Saa kumi na mbili."

"Kutoka ng'ambo ya reli ni mwendo wa robo saa. Ulipewa saa kumi."

Breki akafuta kioo kwa nguvu zaidi. "Foleni."

"Foleni ya nini, ya mbuzi?"

"Sikiliza, dada yangu. Ukimwambia Daktari nimekwisha. Nilipitia kwa mama mkwe. Bomba lake limepasuka, maji yanaingia hadi chumbani. Ungekuwa wewe ungempita?"

"Na sanduku?"

"Nililishusha garini, likiwa limefungwa. Mama mkwe mwenyewe alilikalia kivulini akinielekeza namna ya kufunga bomba, utadhani yeye ndiye fundi."

Dada Faili alirudi ndani akiwa hajamwamini wala hajamkana. Alichukua fomu tupu, akaangalia saa ya ukutani, akaanza kumjazia mtu wa kubuni. Kurasa nne. Alipoinua kalamu, dakika sita zilikuwa zimepita. Sita mara sitini na nne ni zaidi ya saa sita. Breki, hata angeacha bomba limwage bahari nzima, alikuwa na saa mbili tu. Akamfuta kwenye watu wa kushukiwa.

"Ulimkabidhi nani?" alimuuliza tena kupitia dirishani.

"Sista Mkuu. Daktari alikuwa ameshaondoka. Sista ndiye anayezikagua kabla hazijaenda kwake, wewe hujui?"

Alijua. Sista Mkuu alikuwa na miaka ishirini na sita katika kliniki ile, naye ndiye aliyewasimamia wakusanyaji. Saa nne kasorobo Dada Faili alibisha mlango wake. Chumba kilinukia spiriti. Mezani kulikuwa na mashine ya kupimia presha ya zamani, ile ya sindano na mpira wa kubinya, imeng'arishwa kama kikombe cha zawadi.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Kama umekuja kumwombea mdogo wako, umepoteza hatua. Vijana wa siku hizi mnataka mshahara bila jua."

"Nimekuja kuuliza tu. Sanduku lilikaa wapi tangu Alhamisi?"

"Hapa. Nikalipeleka kwa Daktari leo saa kumi na mbili na nusu alfajiri. Nilizikagua, zimejazwa zote, nikasaini. Ningejuaje kama mtu kafa? Mimi siyo mchimba kaburi."

"Orodha ya majina mnaitoa wapi?"

"Iliandikwa mwanzo wa mwaka, nyumba kwa nyumba. Iko kabatini. Una lingine?"

"Hapana, Sista. Asante."

Mwanzo wa mwaka bibi wa nyumba thelathini na moja alikuwa hai. Aliyejaza fomu ile alifuata orodha, hakufuata mlango. Lakini kwa Daktari maneno hayo yangemwangukia Kadogo vile vile, kwa sababu na yeye alikuwa na nakala ya orodha. Mwandiko nao haukusaidia, fomu zote zilijazwa kwa herufi kubwa za kuchapa.

Dada Faili akakaa chini, akazipanga fomu sakafuni kama mtu anayeanika nguo. Kila moja ilikuwa na vipimo vitatu, kila kipimo namba mbili. 118 kwa 76. 124 kwa 82. 120 kwa 78. 116 kwa 74. Alisoma kwa kidole, bila haraka, hadi macho yakamuuma. Kisha akaomba fomu za mtaa wa sokoni, ambazo Kadogo alizijaza mwezi uliopita. 127 kwa 83. 142 kwa 91. 135 kwa 80.

Akarudia zile za kwanza. Katika namba mia tatu themanini na nne, hakukuwa na hata moja ya witiri. Zote shufwa, zote zinagawanyika kwa mbili.

Alimwita Kadogo. "Nitajie presha kumi za uongo. Haraka."

"Za nini?"

"Taja."

"Mia na kumi na saba kwa sabini na tatu. Mia na ishirini na tano kwa themanini na moja..."

"Inatosha. Breki, na wewe."

Breki akachungulia dirishani. "Mia na kumi na tatu. Hiyo ni bahati mbaya, sivyo? Tisini na tisa."

"Nenda kafute kioo chako," Dada Faili alisema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akatabasamu.

Saa saba na nusu mchana walikuwa watano katika ofisi ya Daktari. Barua ya Kadogo ilikuwa mezani, imeshachapwa, inasubiri sahihi. Dada Faili alikuwa amemwomba Sista Mkuu aje na mashine yake ya sindano.

"Tunacheza?" Sista aliuliza.

"Mpime Daktari, tafadhali. Hakuna anayeijua kazi hiyo kama wewe."

Hilo Sista hakuweza kulikataa. Alifunga mkanda mkononi mwa Daktari, akabinya mpira, akaachia hewa taratibu, sikio kwenye kipimo cha mapigo na jicho kwenye sindano. "Mia na thelathini na nne kwa themanini na sita. Punguza chumvi, Daktari."

"Sindano ikisimama katikati ya alama mbili, Sista, unaandikaje?" Dada Faili aliuliza.

"Alama zinakwenda mbili mbili. Unaandika iliyo karibu."

"Huwezi kuandika mia na thelathini na tatu?"

"Nani aandike hivyo? Chuoni kwetu ukiandika hivyo ulitolewa nje. Ilikuwa na maana hukusoma, umebuni. Vitoto hivi na betri zao ndivyo vinavyoandika makorokoro hayo." Alimwonyesha Kadogo kwa kidevu.

"Ndiyo, wanaandika. Fomu za sokoni zimejaa namba hizo." Dada Faili alizikunjua fomu za ng'ambo ya reli mbele ya Daktari. "Lakini hizi hazina hata moja. Mashine ya betri haichagui, Daktari. Kadogo hajawahi kushika mashine ya sindano maishani mwake, na akibuni hubuni namba yoyote. Hizi zilibuniwa na mtu ambaye mkono wake unakataa witiri. Mtu aliyekuwa na sanduku tangu Alhamisi jioni hadi leo, na fomu tupu, na orodha ya mwanzo wa mwaka."

Daktari alipitisha kidole kwenye fomu ya kwanza, ya pili, ya kumi. Sista alianza kuikunja mashine yake, lakini mkanda ukawa haukunjiki. Akaketi.

"Zile za kweli sikuzichoma," alisema kwa sauti ndogo. "Ziko kwenye boksi la bandeji. Nilitaka kuzichoma Jumamosi, nikawasha kiberiti, kikazima chenyewe mkononi."

Kadogo ndiye aliyetumwa kulileta boksi. Daktari alifungua fomu ya juu, akasoma swali la kumi na tisa kimya kimya, kisha nyingine. Sista akasema, "Soma kwa sauti. Mimi nimeshazisoma."

"'Nilifokewa mbele ya watu kwa kuchelewa kumleta mtoto,'" Daktari alisoma. "'Niliuliza swali nikaambiwa kama najua sana nijitibu. Heri presha kuliko yule mama wa chumba cha pili.'"

Chumba cha pili kilikuwa cha Sista.

"Arobaini na mmoja walinilalamikia," Sista alisema. "Nilihesabu. Wagonjwa mia kwa siku, wauguzi wawili, nikawa nafoka ili foleni isogee. Nikadhani nawasaidia. Kumbe watu wanabaki majumbani na presha zao kwa ajili yangu. Niliona haya, Daktari. Nikaona nikiandika wazima, watakuwa wazima." Alimgeukia Kadogo. "Na wewe nilikuwa nakuacha uzame. Hilo sina neno la kulisemea."

Kadogo alikuwa na maneno mengi. Alichosema ni hiki tu: "Tangu asubuhi nawaza nimwambie nini mama."

Daktari alichana barua vipande viwili. Aliandika nyingine hapo hapo: Sista anaondolewa kwenye utafiti, na jambo lake linakwenda kwa bodi. Fomu za kweli zitatumwa zilivyo, na ombi la wauguzi wengine wawili likiwa limebanwa kwa pini juu yake. Nyumba sita zitarudiwa kwa uhakiki. Mkusanyaji namba nne atakwenda, na Dada Faili awe shahidi.

"Naomba niende nao," Sista alisema. "Siyo kupima. Kuomba radhi."

"Watakaokubali tu," alisema Daktari.

Jumatano Kadogo alipita kwanza kuuliza. Watano walikataa. Mmoja, mama wa nyumba namba kumi na mbili, yule wa heri presha, alisema mlete, nimwone akiwa upande wangu wa mlango.

Alhamisi saa tatu asubuhi walisimama uani kwake. Mama alikuwa anasuka ukili, hakuinuka.

"Akianza kufoka naingia ndani nafunga," alimwambia Kadogo.

"Funga," Sista alijibu mwenyewe. "Na ukifunga nitakaa hapa nje hadi unikubalie kusema neno moja."

"Lipi?"

"Nisamehe, mama. Siku ile uliuliza swali zuri, nami sikulijibu. Nimekuja ulirudie."

Mama aliweka ukili chini. Aliingia ndani, akatoka na kigoda kimoja, akakiweka mbele ya Kadogo. Akamtazama Sista kuanzia viatu hadi kichwa, bila haraka, kama anayekagua mzigo uliochelewa kufika.

Kisha mama akarudi ndani kuleta cha pili.