Mjane Aliyekatwa Kwenye Kanda

Sema ni hitilafu ya stima ukitaka. Mimi namwamini Rosebella, rafiki yangu aliyekuwa akihariri kanda za video pale Shirere mwaka wa tisini na nane. Wiki hiyo alikuwa amebadilisha mfumo wa kompyuta yake, ndipo Mzee Osundwa akamletea kanda ya mazishi ya kakake, ionyeshwe siku wafiwa watakaponyolewa nywele kumaliza matanga.

"Mke mkubwa wa marehemu asionekane," Osundwa alisema. "Huyo tulimfukuza kitambo, akajileta tu mazishini."

Rosebella alitundika blanketi dirishani, chumba kikawa giza, akamkata mjane huyo kila mahali, hata pale alipoketi kitini kando ya jeneza. Programu ikagoma. Akaitoa, akaiweka upya. Ikafunguka, lakini kilio cha mjane kikasikika hata kwenye mahubiri.

"Ni huu mfumo mpya tu," Rosebella alijiambia. "Mashine haiwezi kunishinda!"

Akafuta sauti yote. Kilio kikanyamaza, ngoma za isukuti zikabaki.

"Pigeni basi mpaka mchoke!" alifoka, akang'oa waya wa spika.

Ngoma hazikunyamaza. Na kwenye kioo cha kompyuta, wapiga isukuti walikuwa wamesimama, mikono imetulia juu ya ngozi, wote wamegeukia kiti kitupu kando ya jeneza.