Kitambaa cha Bongonyumba

Kila asubuhi bongonyumba la Bi. Sechelela lilifungua mapazia, likachemsha maji ya chai, kisha likamsalimia kwa sauti ya marehemu mumewe: "Umeamkaje, mama Lameck?" Mwaka 2071 hakukuwa na nyumba Dodoma iliyokosa mashine hiyo, na aliyeibuni ni mwanawe wa kumzaa. Akianza kusimulia hilo sokoni, Bi. Sechelela hakuwa na breki!

Jumamosi moja bongonyumba lilisema, "Umeam…" likazimika.

Mhandisi Lameck alifika mbio, akaliamuru kwa sauti liamke. Kimya. "Pole, mama. Saa sita Kituo cha Mabongonyumba kitalifuta na kupandikiza akili mpya."

"Na sauti ya baba yako?"

"Sauti za nyumbani haziruhusiwi kunakiliwa nje ya mashine. Itapotea."

"Thubutu!" Bi. Sechelela alijifunga kanga kiunoni. Alikuwa amefundisha kompyuta miaka thelathini kabla ya kustaafu. "Umekagua waya?"

"Siku hizi mabongonyumba tunaongea nayo tu, mama. Hakuna anayeyagusa."

"Makubwa haya!"

Akatazama swichi ya ukutani: imewashwa. Akachomoa waya, akauchomeka tena mpaka mwisho. Wapi! Akaweka kiganja mgongoni mwa mashine, akakitoa upesi. Ilikuwa ya moto kama sufuria. Hapo ndipo macho yake yalipotua juu ya kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, chenye jina LAMECK, ambacho aliifunikia mashine kwa kujivunia mwanawe. Kilikuwa kimeziba matundu yote ya hewa.

"Mungu wangu, nimelikaba pumzi kwa mikono yangu."

Alikivuta, akapangusa vumbi, akaketi. "Sasa tuliache lipoe. Hatuna pupa."

Baada ya nusu saa alibonyeza kitufe. Taa ya kijani ikawaka.

"Umeamkaje, mama Lameck?"

Bi. Sechelela akapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Lakini Lameck alikuwa ameshika kile kitambaa, hacheki.

"Mama, mwezi huu tumefuta mabongonyumba mia mbili na kumi. Yote yalizimika hivi hivi."

Vigelegele vikakatika. Sebule gani Dodoma isiyo na kitambaa cha kufuma? Bi. Sechelela aliwafikiria wajane wenzake, akalia waziwazi.

Lameck akapiga simu Kituoni. "Msifute tena hata moja. Jumatatu mafundi wote waje kwa mama yangu wafundishwe upya." Akakikunja kile kitambaa. "Na mimi nitakaa mbele, na daftari langu."