Namba ya Zamani Ina Mwenyewe Mpya

Wafanyakazi wenzake walimwita Dobi. Alifua na kukunja mashuka ya hoteli moja, ugenini, katika chumba cha chini kilichojaa mvuke. Kazi hiyo aliipenda. Mikono ikikunja, kichwa kinabaki huru kuuliza maswali, na kwa maswali Dobi hakuwa na mpinzani.

Siku hiyo alikuwa na swali moja tu. Kwa nini akaunti yake ya nyumbani imegoma?

Yeye na mumewe, dereva wa lori, walikuwa wamehama nchi miaka kadhaa iliyopita. Nyumba yao waliipangisha. Kodi iliingia benki kule kule, na humo ndimo walimolipia masomo ya binti yao, aliyebaki na bibi yake. Sasa binti amechaguliwa kusomea uuguzi. Ada isipofika kabla ya wiki kwisha, nafasi yake anapewa mwingine.

Kila Dobi alipojaribu kulipa, benki ilimjibu: "Tumetuma namba ya siri kwenye simu yako." Alitazama simu. Hamna kitu.

"Labda mtandao," alisema mumewe jioni ile, miguu juu ya kiti.

"Mtandao gani unaonichukia mimi peke yangu?" Dobi alifikiri kidogo. "Hivi benki wana namba yangu ipi?"

"Si ile ya nyumbani? Uliacha kuitumia zamani."

Dobi akashtuka. Kisha udadisi ukamshika. Akaipigia namba yake mwenyewe, simu ikiwa kwenye spika. Ikaita. Ikapokelewa!

"Haloo, bucha hapa!" ilisema sauti nzito ya mwanamume.

"Bucha? Baba, hiyo namba ni yangu!"

"Yako wapi, mama? Nimeinunua dukani, kihalali. Ngoja, wewe ndiye mama wa benki? Meseji zako zinanichosha! Nikishika kisu tu, simu inalia."

Dobi akacheka. Muuza nyama naye akacheka. Mtu wa watu kabisa.

"Sikiliza, mama. Namba ya siri ikija tena, nitakusomea."

"Umeona?" mumewe aliruka kitini. "Mwambie asome! Tulipe leo leo!"

Mlango ulikuwa wazi. Jirani yao alikuwa ameleta sufuria aliyoazima. Walimwita Bi Dirisha, maana kabla ya kuhama alikaa miaka mingi nyuma ya dirisha la benki huko kwao.

"Asisome kitu," alisema, sufuria mkononi. "Muage kwanza."

Dobi akamshukuru muuza nyama, akakata simu.

"Lakini dada, ni mtu mwema," alisema.

"Huenda. Ila namba ya siri ni ufunguo. Akiweza kukusomea wewe, anaweza kuitumia yeye. Hiyo hapewi mtu, awe jirani, awe ndugu. Hata mtu akikupigia akasema yeye ni wa benki, usimpe."

"Sasa namba yangu ilifikaje bucha?"

"Laini isipotumika muda mrefu, kampuni ya simu huiuza tena. Benki haijui kama hujawaambia. Na anwani yako kwao ni ipi?"

Dobi na mumewe wakatazamana.

"Ile nyumba tuliyopangisha," alisema Dobi polepole. "Niliogopa, dada. Nilidhani wakijua nimehama, wataifunga akaunti."

"Wengi wanaogopa hivyo. Benki nyingi zina utaratibu kwa walio nje. Wanaouficha ukweli ndio wanaokwama. Kadi yako iko wapi?"

Dobi akaitoa.

"Igeuze. Piga namba iliyoandikwa nyuma. Usipige ya kuokota mtandaoni, matapeli wamejaa. Sema wazi: namba ile si yako tena, waiondoe. Kisha uliza wanataka nini ili wabadilishe simu na anwani."

Asubuhi Dobi alipiga. Karani wa benki alimuuliza maswali mengi. Mwisho akauliza, "Unaishi wapi kwa sasa?"

Dobi akasema ukweli, mtaa na namba ya mlango. Karani hakushangaa hata kidogo. Alitaka nakala ya pasipoti iliyogongwa muhuri ubalozini, na bili ya umeme yenye anwani mpya. Dobi akaomba ruhusa kazini, akaenda ubalozini siku ile ile, kisha akatuma vyote benki. Bibi naye alikwenda chuoni kuomba wamsubiri. Walikubali, kwa siku chache tu.

Siku hizo alikaa roho mkononi. Dobi alikunja mashuka vibaya hadi akataniwa. Siku ya mwisho akaitoa simu mfukoni mwa aproni, akajaribu tena kulipa, nayo ikalia. Namba ya siri! Akalipa pale pale, amesimama kati ya mashine.

"Imekuja?" mumewe alimpigia. "Ni ngapi?"

"Ni yangu," alisema Dobi.

Jioni binti akapiga simu, anahema kwa furaha. "Mama, nimeandikishwa! Nimepewa na sare!"

Dobi alikuwa analia.

"Mama? Waliniuliza mzazi wangu anaishi wapi. Siku zote nilikuwa naandika ile nyumba yetu, kama vile bado mpo. Leo nimeandika huko mliko."

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema Dobi. "Ndipo tulipo."