Alama za Kemshafti

Kila alipotoka shule, Spana alivua sare, akala alichowekewa na mama yake, kisha akavuka ua kwenda gereji ya baba. Jina hilo alipewa na baba mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mrefu na mwembamba kama spana ya kufungulia boliti. Kazi yake ilikuwa kusafisha vifaa kwa mafuta ya taa na kuvipanga ubaoni.

Siku za karibuni aliongezewa kazi nyingine isiyo na jina. "Hebu nisomee namba ya kopo hilo, mwanangu. Mikono yangu ina grisi," baba alikuwa akisema. Mara nyingine mikono yenyewe ilikuwa mikavu kabisa. Spana alisoma tu. Alishamwona baba akimimina chai nje ya kikombe, na akipapasa meza kutafuta bisibisi iliyokuwa mbele yake. Aliogopa kufikiria maana ya mambo hayo.

Mara moja alijitia moyo akauliza, "Baba, macho yanakusumbua?"

Baba aligeuka ghafla. "Nani kakwambia hayo? Wateja wakisikia, nani ataniletea injini? Usiyarudie maneno hayo, hata kwa mama yako."

Spana akayameza, lakini hayakushuka. Usingizini aliona gereji imefungwa kufuli.

Wakati huo baba alikuwa akiiunda upya injini ya gari la shule. Alipenda kufundisha, na ile hofu ilimtoka Spana kidogo kila walipoinamia kazi pamoja.

"Hii ya chini ni kranki, inapandisha na kushusha pistoni," baba alieleza. "Ya juu ni kemshafti, inafungua na kufunga valvu, vile vilango vya hewa. Mkanda huu wa meno ndio unaozifanya zizunguke kwa mwendo mmoja. Alama ya kila gia inayoshika mkanda lazima ielekeane na alama iliyo nyuma yake kwenye injini. Zikipishana, pistoni itapanda wakati valvu iko wazi, zigongane. Hapo injini imekwisha."

"Sasa utajuaje kama umepatia?"

"Unaizungusha kwa mkono, polepole, kabla ya kugusa ufunguo. Ikikwama, unafungua unaanza upya."

Siku iliyofuata mvua ilimchelewesha Spana shuleni. Alipofika gereji, mkanda ulikuwa umeshafungwa. Dereva wa gari la shule alisimama mlangoni, funguo zikilia mkononi.

"Fundi, mwalimu mkuu kanipigia tena," alisema. "Anataka kujua kama watoto kesho watatembea."

"Hawatembei. Panda uwashe," baba alijibu, akijifuta jasho.

Spana alichungulia injini, akashtuka. Kwenye gia ya kemshafti palikuwa na mkwaruzo mweupe, na mkwaruzo huo ndio baba aliouelekeza kwenye alama ya nyuma. Alama yenyewe, kitobo kidogo, ilikuwa imepita mbali kwa meno kadhaa.

"Baba," alinong'ona, "tuizungushe kwa mkono kwanza."

"Nimeshaipanga mimi mwenyewe. Sogea, usije ukaumia."

Dereva alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Akisema, atamwaibisha baba yake mbele ya mteja. Asiposema, injini itavunjika, na kesho mji mzima utajua. Alitamani mvua irudi, mtu aite, chochote kitokee. Hakuna kilichotokea. Akaona mkono wa dereva ukienda kwenye ufunguo.

"Usiwashe," alisema, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Baba, huo ni mkwaruzo. Alama iko kule."

Baba alimtazama. Kisha akachukua spana kubwa, akaitia kwenye boliti ya kranki, akazungusha taratibu. Injini ilienda kidogo, ikagota. Chuma kilikuwa kimegusa chuma.

Baba aliketi juu ya tairi kuukuu.

"Dereva," alisema hatimaye, "binti yangu kasema kweli. Sikuiona alama. Ni siku nyingi sasa sioni vizuri."

Spana alifumba macho akisubiri dereva aseme analipeleka gari kwingine. Dereva alishuka, akakunja mikono ya shati.

"Nabeba watoto wa watu, fundi. Bora wanikasirikie kwa kuchelewa. Nishike nini?"

Walifungua mkanda. Dereva alishika tochi, Spana akasema, "Bado, bado, hapo hapo," na baba akafunga. Safari hii injini ilizunguka kwa mkono bila kugota, na ufunguo ulipogeuzwa ilinguruma vizuri.

Baba mwenyewe alimweleza mama, na mama hakumpa nafasi ya kujitetea. Asubuhi iliyofuata walikuwa wote watatu kwenye benchi la hospitali ya macho. Baba alimshika Spana mkono, na kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. Ndipo Spana alipojua kwamba siku zote hizo hakuwa ameogopa peke yake.

"Ni mtoto wa jicho," daktari alisema baada ya kumpima. "Tunamtoa kwa upasuaji mdogo, na utaona tena. Umeteseka bure kwa kujificha."

Walipotoka nje, baba alisimama kwenye ngazi. "Jana uliniogopa?"

"Sana," Spana alijibu. "Lakini ile pistoni niliiogopa zaidi."

Baba alicheka.

"Mimi niliogopa kupoteza kazi, nikaficha, na kidogo niipoteze kwa kuficha huko," alisema. "Wewe uliogopa vilevile, ukasema. Ukiona jambo linakwenda kuharibika, liseme mapema, hata kama anayekosea ni baba yako. Na mwili ukikuuma, usiufanye siri. Haya, twende. Mama yako ametutangulia kituo cha basi."